Magari pacha, ulaji wa mafuta tofauti

SWALI: Shikamoo fundi. Naendesha semi-tela ya dizeli. Mimi na mwenzangu tuna vichwa (magari yanayovuta tela) vya aina moja, vya mwaka mmoja, na kila gari likiwa na mzigo lina tani 40 hivi. Lake linakwenda kilomita 2.7 kwa lita, langu 2.2. Yeye anavuta boksi, yaani tela lililofungwa pande zote, na hazidi kilomita 80 kwa saa. Mimi navuta tela la wazi lenye turubai, na mwendo wangu ni 90. Tajiri anasema nauza mafuta njiani. Siuzi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kuitwa mwizi ukiwa huna kosa kunauma, na katika kazi yetu jina likichafuka halisafishiki kirahisi. Kwa hesabu zako, kila kilomita 1,000 gari lako linakula lita 84 zaidi ya la mwenzako. Ni nyingi, na simshangai tajiri kushtuka. Ila sababu kubwa mbili umeziandika mwenyewe: turubai na 90.

Lori kubwa kwenye tambarare linapambana na hewa iliyo mbele yake, na tairi zinazobonyea zikizunguka. Ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo. Kutoka 80 hadi 90 mwendo umeongezeka kwa asilimia 12 na ushee, lakini hewa inakurudisha nyuma kwa nguvu iliyozidi kwa zaidi ya robo. Umepata nini? Katika kilomita 100 umemtangulia mwenzako kwa dakika 8 tu. Turubai nalo likifura linakamata hewa njia nzima. Likaze, kamba zikaribiane, na mzigo upangwe usiwe na vichuguu, bila kuvuruga uzito kwenye ekseli.

Halafu angalia unavyosimama. Hapa ndipo dereva mzuri anapojitenga na wengine. Kuliondoa gari la tani 40 kutoka kusimama hadi 80 kunahitaji nishati ya megajuli 10 hivi. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36, na sehemu inayofika kwenye magurudumu ni kama asilimia 40. Nyingine inapotea kama joto. Kwa hiyo kila ukisimama kabisa na kurudi kwenye mwendo huo, umechoma lita 0.7 hivi, bila kuhesabu hewa wala tairi. Anayekanyaga mafuta hadi mita chache kabla ya kizuizi, kisha akapiga breki, anageuza dizeli kuwa joto la breki. Tazama mbali, achia pedali mapema, gari lijiendee lenyewe kwenye gia. Ukifika kizuizi kimefunguka na bado unatembea, umeokoa mafuta mengi kuliko dawa yoyote ya kumimina kwenye tangi. Dawa hizo mimi sizipendekezi kwa mtu yeyote.

Kagua na tela. Madereva wengi hupeleka kichwa kwa fundi, tela wakalisahau. Pima upepo wa tairi zote zikiwa baridi, hasa za ndani zisizoonekana. Tairi zikilika upande mmoja, huenda ekseli imekaa upande na unaburuta badala ya kuviringisha. Ukisimama baada ya kutembea bila breki nyingi, pitisha kiganja karibu na kila habu, yaani kitovu cha gurudumu, bila kuigusa. Iliyo moto kuliko wenzake, breki yake inakamata au beringi imechoka. Na usilale na injini ikinguruma: saa moja ya kusimama hivyo ni lita 2 hadi 3.

Sasa ushahidi. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati. Kwanza tembea 80 na tela lako, mzigo uleule, njia ileile. Kisha mbadilishane tela. Kila mara jazeni tangi hadi juu kwenye pampu moja, gari likiwa mahali pa usawa, na mtu wa tajiri awepo. Ulaji ukihama na tela, tatizo ni tela. Ukibaki na kichwa chako, fundi aanze na filta ya hewa, mipira ya turbo (kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini) na nozeli zinazopulizia mafuta.

Na mwambie tajiri ahesabu vizuri. Gari likienda na mzigo kwa kilomita 3 kwa lita na kurudi tupu kwa 5, wastani si 4. Agawe kilomita zote kwa lita zote: atapata 3.75. Kosa hilo dogo limewatia madereva waaminifu matatani.

SWALI: Kwenye mteremko naweka gia huru ili kuokoa mafuta. Ni sahihi?

JIBU: Hapana, na nakuomba uache leo. Injini ya kisasa ya dizeli hukata mafuta kabisa ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka gia huru, inabidi ipewe mafuta ili isizime. Yaani unatumia zaidi. Baya kuliko hilo, umejinyima nguvu ya injini ya kuzuia gari, na tani zote umeziachia breki, ambazo zikipata moto sana hazishiki. Punguza mwendo na uchague gia ndogo kabla hujaanza kushuka, kisha tumia breki ya injini.