Tundu la skrubu limepasuka kwenye plastiki ya mlango

Kaka wa Shangani, Mtwara, umeuliza kama plastiki ya mlango wa Mazda MX-5 yako, gari la paa la kukunja, iliyopasuka kwenye tundu la skrubu, itashika kwa supagluu. Usikimbilie gluu. Igeuze kwanza, usome herufi zilizochapwa nyuma, zinazotaja aina ya plastiki. Ikiwa ni ABS, plastiki ngumu inayoyeyuka kwa asetoni, loweka vipande vya plastiki ya aina hiyohiyo kwenye asetoni hiyo (kiyeyushi kikali) mpaka viwe uji mzito, upake kwa nyuma juu ya wavu mwembamba wa chuma, uache usiku kucha. Fanyia nje, harufu yake ni kali. Ikiwa ni PP (polipropilini, plastiki isiyoshika gundi), gluu itabanduka tu. Zamisha wavu kwa kile chuma cha moto cha fundi redio, taratibu, usitoboe hadi mbele. Na tafadhali, funga paa ukiegesha: jua la Mtwara limeshaikausha plastiki hiyo vya kutosha. Unaporudisha skrubu, ikigusa tu, ishia hapo.