Cheti Atapewa na Nani?

Mwanangu,

Salaam nyingi, na mjukuu wangu umbusu kwa niaba yangu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unauliza: binti akimaliza sekondari unayomfundisha hapo nyumbani Texas, cheti atapewa na nani, chuo kipi kitampokea, na je, ni kweli alivyosema jirani kwamba lazima kwanza afanye GED, ule mtihani unaoshika nafasi ya cheti cha sekondari?

Cheti utampa wewe. Najua umeshtuka. Sisi tuliosoma Kenya tunajua cheti ni cha Baraza la Mitihani, kina muhuri, na bila KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, huna pa kuanzia. Texas mambo ni mengine. Tangu Mahakama ya Juu ya jimbo ilipoamua kesi ya Leeper mwaka 1994, nyumba inayofundisha kwa dhati na kwa mtaala ulioandikwa huhesabiwa kama shule ya binafsi, na shule ya binafsi hutoa cheti chake yenyewe. Sheria ya jimbo pia inavitaka vyuo vya umma vimpime aliyesomea nyumbani kwa vigezo vilevile wanavyopimiwa wenzake. GED imewekwa kwa walioachia shule njiani. Mjukuu wangu hajaacha shule, basi asiifanye kwa maneno ya jirani.

Ila hicho cheti hakuna atakayekikodolea macho. Watakachokichambua ni hati ya matokeo, na hiyo pia utaiandika wewe: somo, mwaka, krediti yaani uzito wa somo, alama, wastani. Hapa wazazi wengi hukwama, kwa sababu huanza kukumbuka ya darasa la tisa mtoto akiwa wa kumi na mbili. Ya mdogo wako niliiandika kila muhula ulipoisha, na vitabu alivyotumia nikavitaja kimoja kimoja. Hata Kiswahili cha baba yenu kiliingia humo kama lugha ya pili. Usicheke. Kijana aliandika insha kila wiki, na unamjua Mzee, alama hatoi bure.

Sasa, alama za mama lazima zitiliwe shaka. Hata mimi ningekuwa ofisa wa udahili ningezitilia shaka. Kwa hiyo tafuta mtu wa nje athibitishe. SAT au ACT, mitihani ya kuombea chuo, afanye, hata pale chuo kinaposema si lazima. Chuo Kikuu cha Texas kule Austin kwanza kimelirudisha sharti hilo kwa wanaojiunga kuanzia 2025.

Lakini kwangu mimi, koleji ya jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, inaushinda mtihani wowote. Dallas College, Collin au Houston Community College huchukua vijana wanaosomea nyumbani: anasoma kozi moja, inahesabiwa sekondari na inahesabiwa chuo. Kwa kawaida hupimwa kwanza kwa mtihani wa TSIA, wa kusoma, kuandika na hesabu. Achague kozi zenye namba za pamoja za jimbo, kama ENGL 1301 au MATH 1314, maana hizo vyuo vya umma vya Texas vinazitambua. Vya binafsi na vya majimbo mengine hujiamulia vyenyewe, uliza kabla hujalipa.

Aanze na kozi moja tu. Alama atakayopata huko haifutiki. Akianguka akiwa na miaka 15, itamfuata hata akiomba udaktari. Tena akishaandikishwa, rekodi ni zake, na ofisi inaweza kukataa kukuonyesha matokeo mpaka yeye mwenyewe aridhie. Hilo baba yenu alilipigia kelele sana dirishani. Halikusaidia kitu. Na kozi hizo azichukue kabla hujamwandikia kuhitimu. Akihitimu kwanza halafu akarundika krediti, vyuo vingi vitamhesabu kama anayehama kutoka chuo kingine, na ufadhili wa wanafunzi wapya ndio mnono zaidi.

Pesa za serikali kuu anastahili kuomba kama mwingine yeyote. FAFSA, fomu ya kuombea pesa hizo, ina sehemu ya waliosomea nyumbani.

Umegusia uuguzi. Shahada ya miaka miwili ya koleji inamfikisha kwenye mtihani uleule wa leseni ya uuguzi, NCLEX-RN, anaoufanya mwenye digrii ya miaka minne, ingawa masomo ya kumwingiza huko, kama anatomia, yatamwongezea muda, na nafasi hugombewa. Kama hana hakika, aanzie CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, tulikoanzia wengi wetu: Texas ni saa 100 za mafunzo. Akishageuza wagonjwa kitandani usiku kucha, atajua mwenyewe kama anaipenda kazi au anapenda sare.

La mumeo kutaka asome Nairobi ndilo linalonitia wasiwasi. Kule digrii ni C+ ya KCSE, na karatasi za ng'ambo lazima zilinganishwe kwanza. Hati iliyosainiwa na mama mzazi sidhani itapita kirahisi. Kama ana nia kweli, mtoto ajisajili mapema kama mtahiniwa binafsi wa mitihani ya sekondari ya Cambridge ya Uingereza, kwa kuwa miaka miwili si mingi kwa masomo yale. Mwambie mumeo aamue mwaka huu, asingoje dakika ya mwisho kama alivyofanya kwenye harusi yenu.

Nitumie majina ya vitabu vyote alivyosoma tangu Septemba, hata vya hadithi. Jumapili nikitoka zamu nitakupigia tuanze kuijaza hiyo hati.

Mama yako