Bosi Anapiga, Ndoo Iko Hewani: Maswali Yenu Kuhusu Simu na Mitambo

Tangu tugusie usalama wa mitambo mizito, maswali mengi mliyoleta yanahusu simu. Nimechagua sita. Msimamo wangu mwujue mapema: mtambo ukiwa kazini, mwendeshaji hana simu. Na anayempigia huku akijua yuko kazini, nampa nusu ya lawama.

Naendesha forklifti, gari la kuinua mizigo. Naongea kwa hedifoni, mikono yote iko kwenye usukani na leva. Kosa liko wapi?

Liko kichwani, ndugu yangu, wala si mikononi. David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha mwaka 2003 majaribio waliyofanya kwa madereva kwenye kifaa cha kuigiza udereva. Walifuatilia hata macho yao. Waliokuwa wakiongea na simu bila kuishika walishindwa zaidi kutambua vitu ambavyo macho yao yalikuwa yamevitazama. Ndiyo maana baada ya ajali utasikia mtu akiapa, "Nilitazama, hapakuwa na mtu." Huenda hasemi uongo.

Tena mtu aliye kando yako akiona unarudi nyuma penye finyu, hunyamaza. Aliye kwenye simu haoni kitu, anaendelea kukuuliza habari za fedha za ukoo. Forklifti ikienda kilomita 10 tu kwa saa hupita karibu mita tatu kila sekunde, na kwa kuwa nyingi hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, mkia wake hufagia upande usioutazama. Hedifoni nayo imeziba sikio ambalo lingesikia mtu akipiga kelele.

Fomeni ananipigia nikiwa kwenye ekskaveta, mtambo wa kuchimba udongo. Nisipopokea anasema nina dharau. Nifanyeje?

Hili ndilo swali lililonikera kuliko yote, na aliyenikera si wewe. Watu wanadhani simu ya hatari ni ile ya umbea. Tarehe 24 Julai 2013, treni ya abiria iliacha reli karibu na Santiago de Compostela, Hispania, ikaua watu wapatao 80. Iliingia kwenye kona yenye kikomo cha kilomita 80 kwa saa ikiwa na mwendo wa zaidi ya mara mbili ya huo. Muda mfupi kabla, dereva alikuwa kwenye simu na mfanyakazi mwenzake wa treni hiyohiyo, wakizungumzia kituo cha mbele. Simu ya kazi kabisa.

Usibishane naye wakati amekasirika. Mwendee asubuhi kabla kazi haijaanza, mkiwa na wenzako ikiwezekana, mkubaliane hivi: akikuhitaji, asimame mbele ya kabini mahali unapomwona, nje ya mzunguko wa mkono wa mtambo, apige ishara ya kusimama. Wewe unashusha ndoo ya kuchimbia chini, unafunga leva ya usalama inayozuia mtambo kusogea, ndipo anasogea mzungumze. Omba makubaliano hayo yaandikwe kwenye taratibu za saiti. Akiendelea kupiga, usipokee, na siku hiyohiyo mweleze mhusika wa usalama. Fomeni anayeona kutopokea ni dharau hajawahi kuwaza atakavyoandika ripoti ya ajali iliyotokana na simu yake mwenyewe.

Nikisubiri lori, injini ikiwa inaunguruma, naweza kusoma ujumbe?

Hapana. Injini ikiwaka na leva hazijafungwa, kiwiko au mkono wa koti ukigusa leva mtambo unajibu. Ekskaveta nyingi huzunguka duara zima kwa sekunde sita hivi, kwa hiyo nusu duara huisha kabla hujamaliza salamu za ujumbe. Weka ndoo ardhini, funga leva, zima, kisha soma. Ukimaliza, kagua pande zote kabla ya kuwasha. Watu wakiona mtambo umetulia hupenda kwenda kukaa kwenye kivuli chake.

Na muziki je?

Kwa hedifoni, hapana. Kwa redio ya kabini, fuata kanuni za saiti yenu, sauti iwe chini. Kutafuta wimbo kwenye kioo cha simu ni sawa na kusoma ujumbe.

Mke wangu anakaribia kujifungua. Kweli nizime simu zamu nzima?

Hongera, na usiwe na wasiwasi. Mpe yeye na shemeji zako namba ya ofisi ya saiti, au ya mtu aliye chini saitini, asiyeendesha chochote, na umwambie mtu huyo kwa nini. Habari ikifika, anakuja kukusimamisha kwa ishara ileile niliyomwelekeza mwenzako hapo juu. Msimamizi naye aarifiwe leo, awe tayari na wa kukupokea zamu. Ukishapata habari, nzuri au mbaya, usirudi kwenye usukani "kumalizia kidogo". Shuka.

Mtoa ishara wetu hanioni nikiwa juu ya kreni, hivyo ananiongoza kwa simu. Tunavunja sheria?

Angalieni sheria ya nchi yenu. Kanuni za kreni za ujenzi nchini Marekani, zilizotolewa mwaka 2010, zinamkataza mwendeshaji kutumia simu akiwa anaendesha, isipokuwa kwa ishara za kazi. Hata hapo zina masharti: vifaa vijaribiwe kabla ya kuanza, na mwendeshaji apokee ishara bila kushika kitu.

Mimi ningechagua redio za mkononi zenye chaneli yenu peke yenu. Simu ya kawaida inaweza kuingiliwa na mpigaji mwingine mzigo ukiwa juu. Mnapoinua, mtoa ishara aongee mfululizo: "shusha, shusha, shusha." Sauti ikikatika, simamisha mzigo hapohapo, usikadirie umbali uliobaki. Kazi iendelee mkisikilizana tena.