Jibu: Kuvua Ghuba ya Winam kwa mara ya kwanza

Habari ndugu. Umesema mnatoka Nakuru, mmepata boti ya injini ya kukodi pale Dunga, ufuo wa wavuvi karibu na Kisumu, ila hamlijui Ziwa Victoria upande huo wa ghuba na mnaogopa kukwama.

Angalieni magugu maji kwanza, kabla hata ya kufikiria chambo. Hayo hutembea na upepo. Asubuhi mnatoka maji yakiwa wazi, mchana upepo wa ziwani unayasukuma kuelekea Kisumu na njia ya kurudi inaziba. Mizizi ikijisokota kwenye propela, injini inazima. Kwa hivyo tokeni alfajiri, mrudi kabla ya saa sita, na msiache makasia na pondo (mti mrefu wa kusukumia boti). Pondo hasa! Ndilo litakalowaambia kina, maana maji ya ghuba hayana kina kirefu na karibu na mafunjo matope yako juu juu.

Kwenye mafunjo hayo kuna viboko pia. Msiwakaribie kwa sababu ya kufuata ngege (samaki wa jamii ya tilapia), tafadhali.

Mchukueni mvuvi wa Dunga awaongoze. Anajua nyavu zimetegwa wapi. Jaketi za kujiokolea zivaliwe, si kukaliwa. Maji ya kina yako mbali, upande wa Mbita kwenye mdomo wa ghuba, na huko si kwa siku ya kwanza.