Kliniki ya maumivu mara ya kwanza: nenda na dawa zako zote, na usifiche kitu

Mdogo wangu, umesema mgongo unakutesa mwaka wa pili sasa, umepewa rufaa kutoka huko Usa River uje kliniki ya maumivu hapa Moshi Alhamisi ijayo, na unachohofia ni kukaa mbele ya daktari ukakosa la kusema, akadhani unajifanya. Hofu hiyo naijua. Mimi nauza ndizi Mbuyuni, mikungu nimeibeba kichwani tangu nikiwa msichana Kibosho, na mwaka 2021 ilikuwa zamu yangu. Niliharibu siku ile ya kwanza, ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye dawa. Nilipoulizwa natumia nini, nikajibu "Panadol tu." Kumbe asubuhi nilikuwa nameza diklofenaki, jioni aibuprofeni niliyonunua duka jingine ili muuzaji asinishangae, na mchana kikombe cha mizizi aliyoniletea shangazi. Niliona aibu kuyasema yote. Daktari akaniandikia dawa ya jamii ile ile ya diklofenaki, maana kwa nilivyomwambia nilikuwa sijaigusa. Nami nikaiongeza juu ya zile zangu. Hazikupita wiki mbili, tumbo likawa linawaka, choo kikawa cheusi kama lami, nikarudishwa hospitali nimeshikwa mikono. Hapo ndipo nilipoelezwa kwamba diklofenaki na aibuprofeni ni ndugu: ukizimeza pamoja hupati nafuu mara mbili, ila tumbo linachubuka, figo zinaelemewa na presha inapanda. Hata hiyo Panadol ina mpaka wake. Vya miligramu 500, mtu mzima asivuke vidonge 8 kwa saa 24, na dawa nyingi za mafua zina kitu hicho hicho ndani, kwa hiyo unaweza kuvuka bila kujua.

Basi chukua kikapu, tia humo kila pakiti na kila chupa uliyonayo, hata zilizokwisha. Tia za presha na za sukari kama unatumia, na mitishamba pia. Ukisema "vile vidogo vyeupe" daktari hawezi kujua ni nini, lakini pakiti anaisoma. Kama kuna sindano ulikuwa unachomwa duka la dawa, pita hapo kabla ya Alhamisi uulize jina lake uliandike. Usiache dawa zako za kila siku ili "uende ukiwa msafi", hasa za presha.

Jambo la pili ni maneno ya kuyaelezea maumivu. Sisi tukiumwa tunasema "mshipa umenikamata", na kwetu mshipa ni kila kitu, wa damu, wa msuli, wa fahamu. Daktari anahitaji kujua yanaumaje. Je, yanapwita? Yanakaza kama kamba? Yanachoma kama pilipili, yanapiga kama shoti ya umeme kutoka kiunoni hadi kwenye unyayo, au unahisi ganzi na sisimizi wanatembea? Tofauti hiyo si ndogo. Maumivu ya kuwaka na kupiga shoti mara nyingi yanatoka kwenye mishipa ya fahamu, na hayo dawa za kawaida za maumivu haziyafikii vizuri, yana dawa zake. Mimi nilisema "inauma sana" mara nne, na mara nne daktari akabaki na kalamu mkononi.

Anza leo daftari dogo. Kila jioni mistari miwili mitatu inatosha: leo yalianza saa ngapi, nilikuwa nafanya nini, nini kiliyatuliza, usiku nililala saa ngapi. Utaulizwa pia uyape namba kuanzia 0 mpaka 10. Mimi nilisema 10 nikiwa nimekaa naongea vizuri. Namba moja haisemi kitu. Toa tatu: yakiwa mabaya kabisa, yakitulia, na siku ya kawaida. Kisha andika mambo uliyoyaacha kwa sababu ya mgongo. Kwangu ilikuwa kukata majani ya ng'ombe, kuinama kufua, na kukaa kanisani ibada nzima. Hayo ndiyo yaliyomfanya daktari aanze kuandika.

Nenda na mtu anayekuona nyumbani. Safari ya pili nilikwenda na mwanangu, akasema jambo ambalo mimi nilishalizoea: "Mama analala kwenye kiti tangu Pasaka."

Picha za eksirei au MRI zote beba, na majibu yake ya maandishi, hata za zamani. Fomu ya rufaa hakikisha ina sahihi na muhuri, na kadi ya bima au fedha iwe tayari. Vaa nguo pana isiyobana, kwa sababu utapimwa: utatembea kwa vidole na kwa visigino, utainuliwa mguu ukiwa umelala chali, utagongwa magoti. Kutoka Usa River mpaka Moshi ni kukaa muda mrefu kwenye gari, kwa hiyo ukiwa na ndugu huku, njoo Jumatano ulale.

Utaulizwa pia habari za usingizi, za msiba, za ndoa, za wasiwasi. Mimi nilikasirika, nikaona naambiwa naumwa kichwani. Sivyo. Kukosa usingizi na huzuni huyazidisha maumivu ya kweli, ndiyo maana wanauliza. Ukiandikiwa amitriptilini na ukasikia mtu anasema hiyo ni dawa ya unyogovu, usiitupe. Kwa kipimo kidogo cha usiku hutumika kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Inaleta usingizi na kinywa kukauka, na nafuu yake inaweza kuchukua wiki kadhaa. Uliza kila dawa ni ya nini, unaitumia mpaka lini, na ukiona dalili gani uache na urudi.

Usitegemee kutoka umepona siku hiyo. Kwangu tulipanga jambo moja dogo, nitembee dakika kumi asubuhi na jioni na nifanye mazoezi tiba niliyofundishwa pale. Nilivunjika moyo kusikia hivyo, nilitaka sindano imalize kila kitu. Sasa majani ya ng'ombe nakata tena, mzigo nusu, nikipumzika njiani.

Jambo la mwisho, na hili ni la haraka. Ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ukapata ganzi katikati ya mapaja, au mguu ukaanza kulegea, usiisubiri Alhamisi. Nenda Mount Meru au hospitali yoyote iliyo karibu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na ikiwa una homa, unatoka jasho usiku na unakonda, mwambie daktari mapema, kwa sababu kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo, na kina tiba yake.