Kioo kwenye vitundu vidogo: maswali yenu

Babu anasema kioo cha dirisha ni kimiminika, kinashuka pole pole. Kweli?
Hapana, hakishuki. Ila ukiangalia chembe (atomi au molekuli) zilivyokaa humo, zimekaa shaghalabaghala karibu sawa kabisa na kwenye kimiminika, sio safu safu kama chumvi. Sukari ya pipi ndo hivyo hivyo, ikiwa motoni inamwagika, ikipoa haraka inakauka inang'aa na ukiigonga inapasuka.

Kama mpangilio haubadiliki, kwanini zinagoma kusogea?
Hili swali nalipenda sana na watu bado wanabishana. Wanasayansi Adam na Gibbs mwaka 1965 walisema molekuli husogea kwa vikundi, na kikundi kinakua kadri baridi inavyozidi. Fikiria daladala imeshona, wa nyuma anataka kushuka, hawezi mpaka wanne watano wampishe kwanza. Sasa ukitaka kujua kikundi kina ukubwa gani unakibana: Jackson na McKenna mwaka 1991 waliingiza ortho-terfenili (kemikali inayogeuka kioo ikipozwa) kwenye vitundu vya nanomita 8.5, yaani kama molekuli kumi hivi kwa upana, na joto la kugeuka kioo, yaani lile ambalo chini yake molekuli zinagoma kusogea, likashuka karibu digrii 9.

Kwahiyo kubana kunalegeza siku zote?
Hapana, ukuta ndo unaamua. Plastiki ya PMMA ikipakwa nyembamba juu ya dhahabu joto hilo linashuka, ikipakwa kwenye silikoni yenye oksidi linapanda maana inashikana na ukuta. Halafu ukuta laini unapanga molekuli tabaka tabaka, la kwanza linaonekana wazi, la pili hafifu, baada ya machache hakuna kitu. Watafiti Scheidler, Kob na Binder wakafanya jambo zuri kwenye kompyuta: ukuta wakautengeneza kwa chembe za kimiminika chenyewe zilizogandishwa, mpangilio haukubadilika, lakini chembe za karibu na ukuta zikawa nzito mno kusogea, na kadri walivyopoza, uzito huo wa kusogea ukafika mbali zaidi kutoka ukutani. Kwangu mimi hapo ndo utamu wenyewe, maana ukipiga picha tu ya zilivyokaa huoni chochote.

Inamsaidia nani?
Mgonjwa. Dawa nyingi zikiwa fuwele (molekuli zimejipanga safu safu) haziyeyuki vizuri tumboni, ukizisukuma kwenye vitundu vya silika zinakosa nafasi ya kujipanga, zinabaki shaghalabaghala na kuyeyuka haraka.