Viti vya mninga

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama yule rubani wa hadithi ya Tom Godwin, ile ya 1954, alifanya haki kumtoa binti wa miaka 18 nje ya chombo, angani. Mafuta yamepimwa ya mtu mmoja, wagonjwa sita wanasubiri dawa huko mbele, na binti kajificha kabatini kwa kuwa tu ana hamu ya kumwona kaka yake. Akibaki, wote wamekwisha. Siku ya tatu leo naizungusha kichwani.

Mimi nauliza jingine: aliyepima yale mafuta alikuwa wapi? Amelala kwake. Unajua ninavyosema siku zote, anayepiga hesabu na ajihesabu.

Mwaka 1998, mvua za El Niño, barabara ya Dodoma kwenda Iringa bado haina lami. Napeleka chanjo ya surua Mtera. Chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8, na barafu kwenye sanduku inayeyuka tangu asubuhi. Tumepita Fufu, pale korongoni, mama mmoja kasimama katikati ya njia, mtoto kambeba kwa kaniki. Hakupunga mkono. Alishika bampa ya Land Rover akaniangalia. Mtoto alikuwa anakoroma kwa kila pumzi, kama kuku mwenye mafua.

Nikamwambia, mama, gari zito, litazama mchangani. Nikaongeza na la kanuni, abiria hawaruhusiwi. Yote kweli. Ila uzito wenyewe ulikuwa viti sita vya mninga vya bosi, vinakwenda kwenye nyumba yake mpya. Ningeshusha viwili tu. Rubani wako naye alikuwa na bastola, na kabati lina mlango. Mbona hakuanza kutupa hivyo?

Lakini nisijidanganye. Ningeshusha viti ningefukuzwa kazi, na ada yako ya darasa la pili mama yako anajua tulivyoihangaikia. Halafu kulikuwa na watoto wa Mtera. Hao je? Hao wangekosa chanjo kwa ajili ya viti viwili? Wapi. Mimi sikupima mtoto mmoja na watoto wengi. Nilipima mtoto na bosi.

Niliporudi siku ya tatu, pale korongoni hapakuwa na mtu. Ningeweza kuuliza kijijini. Sikuuliza. Bosi alifurahi viti vimefika bila mkwaruzo, akanipa kimoja. Ndicho hicho mlichokuwa mnagombania, na mama yako hajawahi kuelewa kwa nini mimi sikikalii.

Yule Spock wa Star Trek, filamu ya 1982 ya chombo cha angani uliyonilazimisha kuitazama, naye alisema haja za wengi huzidi za wachache. Ila aliingia mwenyewe kwenye chumba cha mionzi, akatengeneza mtambo, akafa yeye. Huyo alijihesabu. Ndiyo maana nilinyamaza mwisho wa filamu, ukadhani nimesinzia.

Sasa unataka niseme rubani ana hatia. Ulimi unaniwasha, nakiri. Lakini yeye angalau alimwachia binti aandike barua kwa wazazi wake, akamwacha azungumze na kaka yake redioni. Mimi nilipiga honi.

Mama yako anakusalimu. Kile kiti fundi amekirudishia mguu.

Baba